Ukifika Ukambani, usikatae muthokoi

Kama wewe ni mkazi wa Nairobi au Mombasa, yumkini Ukambani kwako ni mahali pa kupita tu. Unasinzia ndani ya basi, unazinduka Mtito Andei kununua soda, kisha unaendelea na safari. Ukisikia Kitui na Makueni zikitajwa, unachokumbuka ni ukame na malori ya chakula cha msaada. Leo nakuomba uteremke, tuingie jikoni.

Anzia Kitui. Kutoka Nairobi unapitia Machakos, kisha Wamunyu, kwao wachongaji mashuhuri wa vinyago, na kuvuka Mto Athi. Ukifika mjini, nenda moja kwa moja sokoni. Hapo utawakuta akina mama wameketi nyuma ya magunia yaliyofunguliwa mdomo: ndengu za kijani, kunde, mbaazi, mtama na mawele, na kila kitu kinapimwa kwa gorogoro. Katikati ya hayo utaona gunia la punje nyeupe, kama mahindi yaliyovuliwa shati. Hiyo ndiyo muthokoi.

Muthokoi ni mahindi makavu yaliyokobolewa. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yakatiwa kinuni na kutwangwa kwa mchi hadi ganda na kiini vitoke. Hupepetwa kwa ungo, na makapi huendea kuku na mbuzi. Kisha punje huoshwa na kuchemshwa pamoja na mbaazi, kunde au maharagwe mpaka zilainike. Siku hizi mashine hukoboa gunia zima kwa muda mfupi, lakini wazee hushikilia kwamba ile ya kinu ndiyo yenye ladha.

Naungama kwamba mimi nilichelewa kuipenda. Nilipokuwa shule ya bweni, tulikuwa na mwenzetu kutoka Kitui aliyesimulia muthokoi ya nyanya yake kama mtu asimuliaye karamu ya arusi. Tulimcheka. Tulikiita chakula cha maskini, naye akaacha kabisa kukitaja. Miaka mingi baadaye, nilipoandaliwa sahani iliyojaa katika boma moja nje ya mji wa Kitui, nilikula polepole, nikichagua mbaazi na kuacha punje. Mama mwenyeji aliniona.

"Mwanangu, mbona unakula kama mtu anayemeza dawa?"

"Ninaizoea, mwaitu," nikajibu kwa aibu.

Akacheka. "Hiki si chakula cha shida. Chakula cha shida ni kile unachokingojea lori likuletee."

Wajukuu zake wakaangua kicheko, nami nikamaliza sahani, nikaongezwa.

Maneno yale yana historia ndefu. Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile ya mwaka wa 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa ilhali ninazo mkononi. Watu walikuwa na pesa, lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Baadaye, mwaka wa 2004, lilikuja janga la namna nyingine. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Hawa hawakufa kwa kukosa chakula. Walikufa kwa kula kilichokuwa ghalani mwao.

Hapa ndipo kinu cha bibi kinapostahili heshima. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na watafiti wa Kenya wameonyesha kwamba kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza kwa kiasi kikubwa. Haiishi yote, kwa hiyo usije ukadhani kwamba mahindi yaliyooza yanaweza kusafishwa kwa mchi. Yakishaota ukungu, yatupe. Kinga ya kwanza ni kuyaanika yakauke sawasawa kabla ya kuyatia guniani.

Tena kuna hekima katika ule mchanganyiko wa chunguni. Nafaka peke yake haiujengi mwili ipasavyo, na jamii ya kunde nayo ina upungufu wake. Vikikutana, kila kimoja hukijazia mwenziwe. Na shambani ni vivyo hivyo. Mvua ya kutegemewa huku ni ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ikikatika mapema, mahindi hunyauka. Ndengu huwa tayari kwa muda wa miezi miwili hivi, na mbaazi huzamisha mizizi chini sana na kuvumilia. Ndiyo maana mkulima mwerevu hatii mayai yake yote katika kapu la mahindi.

Sasa tuelekee kusini. Barabara ya Kitui, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi, ambayo zamani ilikuwa vumbi tupu, sasa ina lami. Tazama nje: mibuyu minene imesimama kama mapipa, na katika matawi ya migunga utaona magogo yaliyotobolewa yametundikwa. Hiyo ni mizinga ya nyuki. Ukambani na asali ni chanda na pete.

Kwa asali hiyo wazee walitengeneza kaluvu, mvinyo wa nyumbani, kama mtu aweza kuuita hivyo. Asali huchanganywa na maji, ikatiwa tunda lililokaushwa la mvungunya, ambalo Wakamba huliita muatine, likaachwa mahali penye joto hadi lichachuke. Siku hizi wengi hutumia sukari. Lakini kaluvu halikuwa jambo la kila jioni. Lilikuwa la wazee, na la shughuli kama vile mazungumzo ya mahari, pale mbuzi wa ntheo wanapopelekwa kwa wazazi wa msichana. Bila mbuzi hao, mila haimtambui mke. Wewe mwanafunzi unayenisoma, onja asali, kaluvu waachie wenyewe.

Ukifika Kibwezi, shika barabara kuu kama unayerudi Nairobi, usimame Makindu. Hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926 kando ya reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hulishwa bure: chapati, dengu, mboga na chai. Vua viatu, funika kichwa, na usiingie na sigara wala pombe. Ukitaka kutoa sadaka, toa, lakini hakuna atakayekudai. Watoto wako watajifunza hapo jambo ambalo halimo vitabuni.

Kutoka Makindu, njia ya Kathonzweni itakufikisha Wote, makao makuu ya Makueni. Ukija kati ya Desemba na Machi, utakuta maembe kila upande. Zamani mengi yaliozea chini ya miti, au kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa madalali. Kiwanda cha matunda kilichoanza kazi Kalamba mwaka wa 2017 kimewapa wakulima soko jingine, ingawa bado hakiwezi kumaliza maembe yote.

Na ukirudi nyumbani, usirudi mikono mitupu. Nunua gorogoro moja ya muthokoi na nusu ya mbaazi. Loweka usiku kucha, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi chemsha pamoja kwa moto wa wastani, ukiongeza maji ya moto kadiri yanavyokauka. Vikishalainika, kaanga kitunguu na nyanya, mimina, tia chumvi, na acha vitokote pamoja. Kwa kitoweo, majani ya kunde yanatosha.

Siku moja nilipika hivyo, nikamwalika yule mwenzetu wa shule ya bweni, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko cha zamani. Alisema alikwisha kusahau. Lakini alipoonja aliweka kijiko chini, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba watoto wake hawajawahi kuila.

Je, wako?