Alama Moja, Kazi Tatu

Kihariri cha msimbo kinachofanya kazi ndani ya kivinjari hakijui lugha yoyote mpaka kifundishwe. Mwandishi wa kurasa za wavuti anapoona neno moja limetiwa rangi ya buluu na jingine kijani, ajue kuna mtu aliyeketi akaiandika sarufi ya lugha hiyo, kanuni baada ya kanuni. Ndugu msomaji, nadai kwamba kazi hiyo ni ya mwanaisimu sawasawa na ilivyo ya mhandisi.

Chukua mfano wa CSS, lugha ya kuipamba kurasa za wavuti, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka wa 1994 na ambayo toleo lake la kwanza liliidhinishwa mwezi Desemba 1996. Sentensi yake ni fupi: hutajwa kinachopambwa, yakafunguliwa mabano, kisha ikaja sifa, nuktapacha na thamani. Mwenzangu anayesomea kompyuta alishikilia kwamba orodha ya maneno yatosha. Orodha kweli zipo. CSS ina majina 148 ya rangi, na moja kati ya hayo, rebeccapurple, liliingizwa mwaka wa 2014 kumkumbuka binti wa mtaalamu Eric Meyer, aliyefariki akiwa na umri wa miaka sita. (Sikujua kwamba lugha za mashine nazo huomboleza.) Kihariri ambacho orodha yake haikuongezewa jina hilo hulichukulia kuwa neno geni.

Ila orodha huishia hapo. Tuliposoma pamoja jinsi CodeMirror, kihariri alichokianzisha Marijn Haverbeke mwaka wa 2007, kilivyoongezewa Less, lugha iliyojengwa juu ya CSS, tulikumbana na alama ya @. Katika CSS alama hiyo hutangulia amri, kama vile @media. Katika Less hutangulia amri, na hutangulia pia jina ambalo mwandishi amelibuni mwenyewe ili kuhifadhia thamani. Tena nukta iliyo mbele ya jina yaweza kuwa mwanzo wa kanuni mpya au mwito wa kanuni iliyokwisha kuandikwa. Huwezi kujua hadi ufike kwenye bano au nuktamkato inayofuata. Kana kwamba hayo hayatoshi, mwandishi bado anaandika! Sentensi haijakamilika, bano halijafungwa, na kihariri chatakiwa kitoe uamuzi papo hapo. Ndiyo maana, katika matoleo ya awali ya CodeMirror, kila mstari uliweza kuanza na kumbukumbu ya hali ulimoishia mstari uliotangulia. Toleo la sita, lililokamilika mwaka wa 2022, huunda mti mzima wa sarufi na kuvumilia makosa yaliyomo.

Nilipoyaona hayo nilimwandikia mwenzangu maneno matatu: kitabu, akisoma, nilikiona. Katika la kwanza ki- ni kiambishi cha ngeli; katika la pili chaonyesha sharti au tendo linaloendelea; katika la tatu ni kiwakilishi cha mtendwa. Umbo ni moja, na nafasi ndiyo huamua. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni maneno mangapi yawezayo kuzalika kutoka kwa mzizi -som- pekee. Nikamwambia ahesabu viambishi vya nafsi, njeo na mtendwa, avizidishe, kisha aongeze vinyambuo. Aliacha kuhesabu kabla ya kufika kwenye vinyambuo.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Mara nyingi nimeiona insha safi ya Kiswahili imepigwa mistari myekundu na programu za kuandikia, hali neno lililopigwa mstari halina kasoro yoyote. Halimo orodhani tu. CSS, lugha isiyozungumzwa na mama yeyote, imeandikiwa sarufi inayovumilia hata sentensi iliyokatika. Sasa tumeanza kuandika kanuni zetu wawili, yeye kwa msimbo, mimi kwa kalamu. Daftari lina kurasa kumi na moja za ki- peke yake, na ku- hatujaigusa.