Kampeni Iliyofanikiwa

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa dalali. Si dalali wa viwanja wala wa nyumba za kupanga, bali wa mtandaoni. Mwenye bidhaa hunipa kiungo chenye namba yangu. Mimi naitangaza bidhaa kwa gharama zangu, na mtu akibonyeza kiungo hicho akanunua, napata kamisheni. Asiponunua, fedha ya tangazo imekwenda. Vijana wengi katika usharika wetu wanaifanya kazi hii au wanafikiria kuianza, na ndiyo sababu nimekubali kuandika, ingawa ningependa zaidi kunyamaza.

Kampeni yangu ya kwanza ilikuwa ya mikoba ya kina mama. Nilitumia shilingi 60,000, watu 412 wakabonyeza, hakuna hata mmoja aliyenunua. Ya pili ilikuwa kozi ya Kiingereza: wanunuzi wawili, na mmoja akadai fedha zake ndani ya siku 30 akarudishiwa, hivyo kamisheni yake nayo ikafutwa. Ya tatu siikumbuki vizuri. Nilipofika ya nane nilikuwa nimekopa kwenye simu mara mbili, na mke wangu alikuwa anaujua mkopo mmoja tu.

Kushindwa kwa namna hii kuna tabu yake. Mvua ikimkatalia mkulima, jirani yake naye hana mahindi, wanalia pamoja. Hasara yangu ilitokea kwenye kioo cha simu saa sita usiku, mke amelala, hakuna aliyeiona. Asubuhi nilivaa shati safi, nikiulizwa kazi zinaendaje najibu tunamshukuru Mungu. Nilikuwa naomba, tena kwa kufunga. Lakini nikiyakumbuka maombi yale leo, naona nilimwomba Mungu kama mtu anayebeti: Bwana, hii tu, hii moja.

Nilijishikiza kwenye habari ya Petro katika Luka sura ya 5. Walivua usiku kucha wasipate kitu, kisha wakashusha nyavu kwa neno la Yesu, zikajaa. Tunaisoma habari ile tukiwa na haraka ya kufika kwenye samaki. Mimi nilijiona niko usiku ule, na kila kampeni mpya nikaiita asubuhi.

Kampeni ya 12 ndiyo iliyojaza nyavu. Vilikuwa vidonge vya mitishamba vya kisukari, kopo moja 85,000, kamisheni yangu 25,000. Mwenye bidhaa alinitumia maneno ya tangazo yakiwa tayari: sukari inakwisha kwa siku 21, dawa za hospitali utazisahau. Nilisita. Nakiri kwamba nilisita, kwa sababu kusita huko ndiko kunakonihukumu. Sikuwa nimemwona mtu hata mmoja aliyepona. Nikajiambia kwamba mimi si mtengenezaji, napeleka ujumbe tu.

Ndani ya wiki mbili yaliuzwa makopo 31. Nikalipa mikopo yote miwili, nikatoa fungu la kumi, 77,500, nikasimama mbele ya madhabahu kutoa shukrani na kusimulia usiku wangu wa kuvua bure. Mlipiga vigelegele. Wengine mtakumbuka.

Kama mwezi na nusu baadaye, kwenye jumuiya ya Jumamosi asubuhi, tuliombwa kumwombea mama mmoja, wa rika la mama yangu mzazi, aliyekuwa ametoka kulazwa siku nne. Aliacha vidonge vya kliniki, sukari ikapanda, akaanguka bafuni. Jioni tulipokwenda kumwona, kopo lilikuwa juu ya kabati la vyombo. Nililijua kabla sijasoma maandishi yake.

Siku hiyo sikusema neno. Usiku nilimwambia mke wangu, pamoja na habari ya ule mkopo wa pili. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema tutakwenda wote. Jumatatu tukaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni."

Nikamweleza. Hakuelewa haraka, maana tangazo aliliona kwenye simu ya mjukuu wake na jina langu halikuwepo popote. Nilipomaliza aliniangalia, akauliza swali moja: "Na hilo tangazo, umeshaliondoa?"

Nilikuwa sijaliondoa. Nilikwenda kutubu huku linaendelea kuuza. Nikatoa simu, nikalizima mbele yake. Nikamrudishia 85,000 yake yote. Akaipokea, akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la khanga. Siku ile hakusema kwamba amenisamehe. Baada ya Pasaka alimtuma mjukuu atuletee mkungu wa ndizi.

Nimeirudia Luka 5 mara nyingi tangu hapo. Usiku mtupu haukumvunja Petro. Yesu aliwakuta wavuvi wakiosha nyavu zao, kazi ya kila siku. Ni samaki waliompeleka magotini hata akajiita mwenye dhambi, na baada ya hapo waliviacha vyote pwani. Mimi nami hasara 11 zilinifundisha bei za matangazo, basi.

Mchungaji nilipomweleza habari ya ile 77,500 aliniambia nirudi nikausahihishe ushuhuda wangu mahali palepale nilipoutoa. Nimeshindwa kusimama. Naomba maandishi haya yapokewe badala yake.

Biashara sijaiacha, na kushindwa hakujaniacha. Tumekubaliana nyumbani 40,000 kwa mwezi, isizidi. Kitu cha kumeza au cha kupaka sikitangazi, na bidhaa ambayo sijaishika mkononi siigusi. Hasara hutajwa siku hiyohiyo, wakati wa chakula cha usiku, na mke wangu ndiye anayeiandika kwenye daftari. Mwezi uliopita zilikuwa taa za sola: tumetoa 40,000, tumepata 13,000. Aliandika, akaomba nimpitishie mboga.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Mfumo wa kazi hii humwonyesha dalali idadi, haumwonyeshi majina. Nilimwandikia mwenye bidhaa nikimwomba awaambie wateja wasiache dawa zao za hospitali, hajajibu. Kopo moja kati ya 31 nalijua lilikokwenda. Zamu yangu ya kuomba inapofika kwenye jumuiya, nawataja waliochukua yale 30 mengine, na wageni huniuliza ni akina nani.