Vyakula Vilivyopikwa Tayari: Tuliyoyaona Maskati



Katika mambo ambayo wazazi hutuuliza sana siku hizi ni hili la vyakula vinavyouzwa vimekwisha kupikwa, au vimepikwa nusu, katika maduka makubwa. Mmoja huuliza kama ni halali. Wa pili huuliza kama vina dhara mwilini. Wa tatu, na huyu ndiye aulizaye kwa uchungu zaidi, huuliza kama mke au binti awapaye watu wake chakula cha namna hiyo amepungukiwa na wajibu wake. Kwa kuwa nalipata safari ya kwenda Maskati kuwazuru jamaa zangu, nimeona yafaa niwasimulie niliyoyaona huko, kwani mji ule umekwisha kufika, katika jambo hili, mahali ambapo miji yetu ya pwani inaelekea.

Maskati ni mji uliobanwa baina ya milima mikavu na bahari. Mtu atokaye Unguja au Mombasa hawi mgeni kabisa huko. Tangu zama za Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, watu wa pande hizi mbili wamekuwa wakienda na kurudi kwa majahazi. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi yao, jamaa wengi walihamia huko na lugha yao. Hata leo waweza kununua samaki Matrah na kusikia nyuma yako bibi akimkemea mjukuu wake kwa Kiswahili safi.

Nalifikia kwa binti wa dada yangu. Yeye ni muuguzi hospitalini, na mumewe ni karani. Wana watoto wanne, na mama wa mume, ambaye wote humwita Bi Mkubwa, anakaa nao. Binti huyu hufanya kazi zamu za usiku mara kwa mara, na arudipo asubuhi watoto hawajala. Basi duka kubwa la vyakula lililo karibu na nyumba yao limekuwa kama jiko la pili.

Nalikwenda naye dukani siku ya Alkhamisi jioni. Vyakula vilivyo tayari vimepangwa mahali pane. Kwanza ni meza ya vyakula vya moto: biriani, kuku wa kuoka, harisi, na mikate inayotoka tanuuni. Pili ni makabati ya baridi, yenye hummus, saladi, maziwa ya laban, na wali uliofungwa katika visahani vya kutiwa motoni. Tatu ni majokofu ya kugandisha, ambamo mna sambusa, kababu, katlesi, manda, na chapati za tabaka ambazo Wahindi huziita parota. Nne ni rafu za vitu vikavu: tambi za dakika tatu, supu za unga, biskuti, na zile chipsi za pilipili za nchi hiyo ziitwazo Chips Oman, ambazo vijana huzivunjavunja ndani ya mkate mwembamba pamoja na jibini na kuzila kwa furaha kubwa. Na pembeni, katika kikapu, naliona mandazi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa Kiarabu, lakini ni mandazi yale yale.

Hapa yafaa nitanguliza neno moja. Imepokewa ya kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikiaibu chakula kamwe. Akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha. Msomaji aweza kuuliza: basi mwalimu, wewe utatutajiaje kizuri na kibaya? Nasema kwamba kuaibu chakula kilichokwisha kuwekwa mbele yako ni kumvunja moyo aliyekiandaa, na kuikufuru neema. Ama kumnasihi mnunuzi kabla hajatoa fedha yake, hiyo ni nasaha, na nasaha ni katika dini.

Tulivyovionja nyumbani kwa siku kadhaa nitavisema kwa ufupi. Biriani ya meza ya moto ilikuwa na viungo vya kutosha na nyama laini, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kupika chungu kidogo nyumbani. Lakini ilikuwa nzuri adhuhuri tu. Ile iliyonunuliwa usiku ilikuwa imekauka, na wali uliokaa saa nyingi bila ya moto wa kutosha wala baridi ya kutosha waweza kumwumiza mtu tumbo. Harisi ilikuwa njema sana, nzito na yenye ladha ya ngano na samli, na kwa kuwa harisi hutaka kupondwa muda mrefu, sioni mtu mwenye kazi akilaumiwa kwa kuinunua.

Sambusa zilizokwisha kujazwa hazikutupendeza. Ndani mlikuwa na viazi vingi na nyama kidogo, nazo zilinywa mafuta kama sifongo. Lakini manda zilizogandishwa zilikuwa bora kabisa, nyembamba na sawasawa, wala hazikuchanika. Manda ndiyo kazi ngumu, na nyama ndiyo ladha. Basi anunuaye manda na kupika nyama mwenyewe amejipunguzia taabu bila ya kujipunguzia utamu. Parota nazo zilikuwa laini, ila huiva kwa mafuta mengi zilizokandiwa, na si za kula kila siku. Ama mandazi, yalikuwa matamu mno na hayakunukia iliki. Bi Mkubwa aliuma moja, akaliweka kwa adabu kando ya sahani, akasema, "Alhamdulillahi," wala hakuongeza neno. Sote twalifahamu.

Watu wengine hudhani kuhifadhi chakula ni uzushi wa zama hizi. Sivyo. Wazee wetu walikausha papa na ng'onda, wakatia achari ya maembe na ndimu, na mabaharia wa majahazi waliishi kwa tende safari nzima. Kilichobadilika ni namna tu. Mfaransa Nicolas Appert alipewa tuzo na serikali yake mwaka 1810 kwa kugundua kwamba chakula kilichofungwa sana katika chupa na kuchemshwa hakiozi upesi. Mwamerika Clarence Birdseye alijifunza kwa wenyeji wa Labrador, nchi ya theluji, ya kuwa samaki akigandishwa kwa haraka hubaki na ladha yake. Na Momofuku Ando, huko Japani, mwaka 1958 alianza kuuza tambi zilizokaushwa kwa kukaangwa, ambazo hutaka maji ya moto tu. Basi sambusa iliyoganda si ajabu. Ni mjukuu wa ng'onda.

Lakini ng'onda haikuwa na ila samaki na chumvi, na macho yalitosha kuijua. Chakula cha pakiti hakijulikani kwa macho. Hujulikana kwa kusoma. Naliketi na wajukuu zangu tukasoma pakiti moja baada ya moja, nao walifurahi kama waliopewa fumbo. Nawaomba vijana wanaosoma ukurasa huu wawasomee wazazi wao hivyo hivyo.

Jambo la kwanza, vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito. Kilicho kingi hutangulia. Ukiona sukari ni ya kwanza au ya pili, ujue umenunua sukari iliyovikwa nguo. Jambo la pili ni halali. Katika nchi ya Kiislamu kazi hii ni nyepesi, lakini bidhaa hutoka pande zote za dunia. Gelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, nayo yaweza kuwa ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, au ya nguruwe. Alama ya E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu. E471 ni mafuta yawezayo kuwa ya mimea au ya mnyama, na pakiti isipotaja asili yake ni shaka. Tumefundishwa ya kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yako yenye kutatiza, na ajiepushaye na hayo huisalimisha dini yake. Muhuri wa halali wa chombo kinachojulikana huondoa taabu hii.

Jambo la tatu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Pakiti nyingi hazisemi chumvi, husema sodiamu, na gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2 na nusu za chumvi. Kwa hiyo pakiti yenye miligramu 1,000 za sodiamu imekwisha kukupa nusu ya chumvi yako ya siku nzima. Mwenye shinikizo la damu na aihesabu hesabu hii kabla ya kumwaga unga wote wa supu katika bakuli la tambi.

Sasa narudi kwa yule mwulizaji wa tatu. Usiku mmoja Bi Mkubwa aliniambia, mbele ya mkwewe, "Mwalimu, waambie. Chakula cha dukani hakina baraka. Mwanangu nalimlea kwa mkono huu." Binti wa dada yangu hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kukunja nguo za watoto, na machozi yalimtoka. Alikuwa hajalala tangu jana yake.

Nalimwambia Bi Mkubwa kwa heshima, "Shemeji, mkono wako una haki ya kusifiwa. Lakini baraka haikai katika chungu peke yake." Kisha nalimwuliza mwanawe, "Na wewe, bwana, jana ulipika nini?" Alicheka, akidhani ni mzaha. Nikamwambia si mzaha. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na inapofika Sala hutoka kwenda kusali. Mwanamume ambaye mkewe huwauguza wagonjwa usiku kucha, naye akakaa kungoja sahani, hana haki ya kulalamika kwamba sambusa imetoka katika jokofu. Yeye ndiye aliyeiacha itoke huko.

Nao walipatana hivi: Ijumaa na Jumamosi, ambazo huko ni siku za mapumziko, chakula kipikwe nyumbani, na baba na wana wakiwa jikoni, na Bi Mkubwa akiwa mwalimu wao. Siku za zamu, duka lisaidie. Ijumaa iliyofuata mjukuu wa kiume wa miaka kumi na miwili alisukuma chapati yake ya kwanza. Haikuwa duara, lakini nyanya yake aliichagua hiyo hiyo akaila yote.

Basi, wasomaji wetu, nasaha yetu ni hii. Nunueni kazi ngumu, kama manda na harisi, na pikeni ladha wenyewe. Someni kabla ya kulipa. Msinunue zaidi ya mtakachokila, kwani kutupa chakula ni israfu, kiwe cha rakhisi au cha ghali. Na ikiwa jirani yako mjane anauza sambusa zake alizozikunja kwa mkono, mwanzie yeye kabla ya jokofu la duka, maana kwake utapata chakula na thawabu kwa bei moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali iliyo njema, na nyumba ambazo mizigo yake huchukuliwa na wote. Amin.