Liemba: Meli Iliyozama Mara Mbili

Ndugu msomaji, wewe uishiye Arusha, ukifuata Barabara ya Boma kutoka Mnara wa Saa pamoja na watoto, utalikuta Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, Mlima Meru ukilichungulia kwa nyuma. Machi 1916 boma hilo lilitwaliwa na majeshi ya Waingereza. Miezi minne baadaye, mbali kule Kigoma, Wajerumani walizamisha kwa mikono yao wenyewe chombo walichokithamini kuliko boma lolote. Hicho ndicho ninachokualika ukakitazame.

Safari si fupi. Utapanda basi kupitia Babati na Kondoa hadi Dodoma, kisha gari moshi la Reli ya Kati, upite Tabora, mpaka reli iishie ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Kwa njia hiyo hiyo ya reli ilipita meli nzima. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam, kisha Kigoma. Huko mafundi watatu wa Kijerumani, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na vibarua wengi Waafrika ambao hakuna aliyejali kuyaandika majina yao, waliiunga upya. Februari 1915 ikashushwa majini, urefu wake zaidi ya mita 70. Ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyeizima Vita ya Maji Maji kwa risasi na njaa. Wazee wa Kusini hawana sababu ya kulipenda jina hilo. Mzinga wake mkubwa ulitoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika maingilio ya Mto Rufiji Julai 1915.

Ilipodhihirika kwamba Kigoma haitalindika, amri ikatolewa meli izamishwe. Mafundi wale wale walioiunga hawakuwa na moyo wa kuiharibu. Walizipaka mashine grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakailaza chini ya maji polepole, kama mtu afukiaye mali yake akitumaini kurudi.

Wao hawakurudi kuichukua. Wabelgiji waliiopoa wakaivuta hadi bandarini, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza ndio walioiinua Machi 1924, na walipofungua mashine wakazikuta bado zafaa. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipotiwa mashine za dizeli.

Kwa wanakijiji wa Karema, Kipili na Kasanga, meli hii ilikuwa ndiyo barabara. Pahali pengi hapana gati. Honi ililia, mitumbwi ikaizunguka, na abiria wakapandishwa pamoja na magunia ya dagaa na watoto mgongoni, mpaka Mpulungu, Zambia. Katika miaka ya karibuni imesimama kwa matengenezo, basi uliza kwanza kabla ya kukata tiketi ya gari moshi.

Mwaka 1997 Liemba ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kwao Kongo. Tena Mei 2015, Warundi kwa maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kikiwaandama. Walikuwa wameikimbia ghasia iliyotokana na ubishi juu ya muhula wa tatu wa rais, ubishi uliohusu mapatano yaliyotiwa sahihi hapa hapa Arusha Agosti 2000. Barabara ya gari haikuwapo. Meli ya kivita ya mwaka 1915 ikatia nanga mbele ya kijiji, mitumbwi ikaanza kuwaleta, wagonjwa na kina mama wenye watoto wachanga kwanza, nayo ikawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, ikarudi tena kuwafuata waliobaki.