Ndengu Ikikosa Bei, Unaila

Mbarika si mgeni Ukambani. Unamea kando ya barabara, nyuma ya choo, pale maji ya kuoga yanapomwagwa, na hakuna anayeupalilia. Mtoto yeyote wa kijijini anajua mambo mawili kuuhusu: mbegu zake zina madoadoa mazuri, na usiziweke mdomoni. Siku hizi mafuta yake yanasafiri kuliko wengi wetu.

Julai 2022 Eni, kampuni ya mafuta na gesi ya Italia, ilifungua kiwanda Makueni cha kukamua mbegu: mbarika, pamba, na krotoni, ule mti Wakikuyu huuita mukinduri. Oktoba mwaka huohuo shehena ya kwanza ikatoka Mombasa kwenda Gela, Sicily, kwenye kiwanda kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi na sasa kinatengeneza mafuta ya magari kutokana na mimea na mafuta yaliyokwisha kukaangia. Mei 2023 ndege ya KQ ikapaa Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta ya Eni ya aina hiyo. Mwaka 2024, IFC, tawi la Benki ya Dunia, pamoja na mfuko wa tabianchi wa Italia, wakatangaza dola milioni 210 za kupanua mradi wa Kenya. Hizo si pesa za kuuza mayai.

Kwa nini Makueni? Kwa sababu Umoja wa Ulaya unabana mafuta yanayotokana na mazao ya chakula, na Eni yenyewe iliachana na mawese mwishoni mwa 2022. Kinachotafutwa ni mbegu isiyoliwa, kwenye udongo uliochoka. Yaani kile watu wa kwetu wanaita shamba, kwenye ripoti kinaitwa ardhi iliyochakaa.

Na sisi je? Stima yetu karibu asilimia 90 tayari ni safi: mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana, jua. Kinachotuumiza ni kinachoingia kwenye tangi la matatu, nacho kinatoka nje, kwa kuwa kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013. Kumekuwa na mazungumzo ya kukigeuza kiwe cha mafuta ya mimea. Lakini kwa mpango ulioanza, Makueni inakamua, Sicily inasafisha. Tena kiwanda cha Makueni kilipangiwa tani 15,000 za mafuta kwa mwaka, ilhali Gela inaweza kumeza tani 750,000. Sisi ni kijiko kwenye sufuria.

Haya yote ningeyasoma kama habari na kuendelea na maisha, kama susu hangenitumia picha ya fomu. Watu wa mbegu walikuwa wamepita kijijini kwao wakiandikisha wakulima. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo kikuu, hata kama niliondoka mwaka wa pili, karatasi zote za ukoo huishia kwenye WhatsApp yangu. Nikaisoma polepole kuliko kazi yoyote ninayolipwa. Ilisema bei itategemea soko. Haikusema soko la nani.

Nikampigia. Nikamwambia, "Susu, ndengu ikikosa bei, unaila. Mbarika ukikosa bei, hata mbuzi hawezi."

Akacheka. "Hiyo nilijua kabla mama yako azaliwe. Mimi nataka kujua kama hao watu watarudi msimu wa pili."

Kumbe swali lilikuwa hilo. Susu ana kumbukumbu. Kabla ya mbarika ilikuwa jatrofa, mbono kaburi, miaka ya 2000. Wakulima waliambiwa unavumilia ukame, na kweli unavumilia. Ila kutokufa si kuzaa. Utafiti uliotoka 2009, World Agroforestry na KEFRI wakishiriki, uliangalia mashamba ya wakulima wadogo hapa Kenya ukakuta mavuno duni kabisa. Ushauri wake: pandeni kama ua tu. Na mwaka 2024 shirika la Ulaya, Transport & Environment, likaripoti wakulima wa mbarika wa Kenya wakilalamikia mavuno kidogo.

Sitaki kuwa yule mtu wa Nairobi anayemkataza mzee pesa akiwa kwenye kochi. Ndengu pia hukauka mvua ikikosa, na broka wa ndengu si malaika. Mnunuzi anayekuja hadi mlangoni ni kitu kikubwa. Mbarika ukipandwa mpakani, ndengu ikibaki katikati, huenda susu akapata ya sukari na karo ya mtu. Ndivyo nilivyomwambia, na uamuzi ni wake.

Lakini tukisema uwekezaji, tuulize pia kilichowekezwa na susu. Kampuni imeweka mamilioni, na msimu mmoja ukiharibika ina nchi nyingine za kukamulia mbegu. Yeye anaweka nusu ekari, mgongo wake, na msimu ambao haurudi. Fomu ya haki ingeandika bei ya chini kabisa, ingetaja nani anabeba hasara mvua ikikataa, na ingeandikwa Kikamba. Nishati haiwi safi kwa sababu tu moshi wake umepungua Ulaya. Iangaliwe pia ilimwacha vipi aliyepanda mbegu.