Tagi isiyo na mbadala

Wengi wetu tunaoishi Marekani, tukilinganisha utunzaji wa vyombo vya majini wa huku na wa nyumbani, hukimbilia kusema wenzetu wana nidhamu na sisi hatuna. Maelezo hayo hayanitoshi, na yanawaonea mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa. Ninachokiona mimi ni tofauti ya nafasi. Boti ya kuvutia meli, ile ambayo watu wa bandarini huiita tagi, huku ina tarehe ya kisheria ya kuacha kazi ili ikaguliwe, na mara nyingi ipo nyingine ya kushika zamu yake. Nyumbani, tagi ikitoka kazini pengo huonekana siku hiyo hiyo. Chombo kisicho na mbadala hakikaguliki ipasavyo, hata kama mhandisi wake ni hodari na daftari lake la injini halina ukurasa ulioachwa wazi.

Tuangalie kazi yenyewe. Sehemu yake kubwa hufanyika chombo kikiwa majini, kabla kamba hazijafunguliwa. Mhandisi hupima oili ya injini kuu na ya jenereta, hutazama maji ya kupozea, huchungulia ngama kuona kama maji yameongezeka tangu jana, kisha hujaribu pampu, usukani, king'ora na milango isiyopitisha maji. Sampuli ya oili ikipelekwa maabara na kukutwa na chembe nyingi za chuma, mtu anajua kuna kitu kinalika kabla injini haijaanza kupiga kelele. Haya hayahitaji kusimamisha bandari. Shida iko chini ya mstari wa maji. Huko zinki huliwa na chumvi ili chuma kisiliwe, na zikiisha bila kubadilishwa, zamu ni ya bodi. Huko sili za shafti ya rafadha huanza kuvujisha oili au kuingiza maji, na matundu yanayovuta maji ya bahari ya kupozea injini huziba kwa chaza na mwani. Unene wa mabati hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachoshikwa mkononi, lakini lazima bati lisafishwe kwanza, na kwa upande wa ndani tangi limwagwe, lipitishiwe hewa na hewa hiyo ipimwe kabla mtu hajaingia. Isitoshe, tagi hujibana na meli kubwa kila siku ya kazi. Fremu zilizo nyuma ya mipira ya ubavuni huweza kupinda bila mtu wa juu ya sitaha kugundua. Kazi hizo zinataka chelezo, yaani chombo kipandishwe nje ya maji, na chelezo hutaka siku nyingi mfululizo.

Sheria ya Marekani inalitambua hilo. Kanuni za ukaguzi wa tagi zilitangazwa Juni 2016, tagi zilizokuwapo zikatakiwa kuzifuata kuanzia Julai 2018, na vyombo vikapewa vyeti kwa awamu hadi 2022. Mwenye tagi huchagua kukaguliwa na Walinzi wa Pwani wenyewe kila mwaka, au kuendesha mfumo wake wa usalama unaokaguliwa na taasisi huru iliyoidhinishwa. Kwa vyovyote vile, chelezo hakikwepeki kirahisi. Chombo kinachokaa kwenye maji ya chumvi zaidi ya miezi 6 katika kila miezi 12 hupandishwa mara 2 ndani ya miaka 5, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine isipite miezi 36. Cha maji baridi hupandishwa mara 1 kwa miaka 5. Naipenda tofauti hiyo kwa sababu inafuata namna chuma kinavyokufa. Kwa mantiki hiyo hiyo, tagi ya Mtwara au Kilindini, katika bahari ya joto ambamo viumbe hunata na kukua mwaka mzima, isingepaswa kupewa kalenda ya chombo cha Ziwa Victoria.

Atakayesema Marekani nayo ilichelewa atakuwa sahihi. Bunge la huko liliagiza tagi ziingizwe kwenye orodha ya vyombo vinavyokaguliwa mwaka 2004, na kanuni zikachukua miaka 12 kuandikwa. Kabla yake, nyingi zilifanya kazi bila cheti cha ukaguzi. Mwaka 1993 boti iitwayo Mauvilla ilipotea njia kwenye ukungu huko Alabama, matishari iliyokuwa ikiyasukuma yakagonga daraja la reli, treni ikatumbukia na watu 47 wakafa. Chanzo hakikuwa kutu, nami sitaki kukigeuza kuwa kutu. Ila nchi hiyo ilifika hapo ilipo kwa kusukumwa, na wamiliki wadogo walilalamikia gharama mpaka siku ya mwisho. Walioweza kutii ni wale waliokuwa na boti ya pili, au jirani wa kuwakodisha.

Mwambao wetu uliwahi kuwa na nafasi hiyo bila sheria ya bunge. Kusi lilipokaza, Juni na Julai, safari ndefu za majahazi zilisimama, na chombo kilichopandishwa pwani kikakwanguliwa, kikakalafatiwa, kikapakwa deheni chini na sifa juu. Msimu ulimlazimisha mwenye chombo kupumzika, na fundi akapata muda wake. Tagi ya dizeli haina msimu. Meli za makontena huingia kusi na kaskazi, usiku na mchana, kwa hiyo mapumziko yake lazima yawekwe na watu.

Ushahidi wa wazi zaidi nyumbani nauona kwenye vivuko, ambavyo tatizo lake ni lile lile. Mwaka 2023 MV Magogoni ilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, na njia ya Kigamboni, Dar es Salaam, ikabaki na MV Kigamboni na MV Kazi. Foleni zilizofuata ziliwaumiza watu wengi. Kiongozi anayeona foleni ile atashawishika kuahirisha chelezo kinachofuata, na sitamlaumu yeye peke yake, kwa maana amewekwa mahali ambapo kutunza chombo kunaonekana kama kuwanyima watu huduma.

Wapo wanaopendekeza wapiga mbizi wafanye ukaguzi chini ya maji ili tagi isipande. Hata Marekani ukaguzi wa namna hiyo unaruhusiwa kwa masharti, na ni msaada mzuri wa kati ya chelezo na chelezo. Mpiga mbizi ataona zinki zilizokwisha na rafadha iliyopinda. Hatachomelea vizuri bati lililolika, wala hatapiga bodi zima rangi ya kuzuia viumbe. Wengine husema shida ni mabaharia wasioandika kasoro. Kasoro huandikwa pale mwandishi anapoamini itashughulikiwa. Mhandisi akishaandika mara tatu kwamba sili inavuja, na mara tatu akaambiwa meli inasubiri, mara ya nne kalamu inakuwa nzito.

Pingamizi lenye uzito ni la fedha: nchi zetu zitamudu vipi tagi ya kukaa tu? Hakuna haja kila bandari iwe na yake. Tagi husafiri kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam kwa chini ya saa 24, na Tanga iko njiani. Mamlaka za bandari za Kenya na Tanzania zinaweza kugharimia pamoja tagi moja ya zamu, iliyo na cheti kinachokubaliwa na pande zote mbili, ikashika nafasi ya kila inayopanda chelezo kwa ratiba iliyotangazwa mwaka mmoja kabla. Gharama ziingizwe kwenye ada ambayo meli hulipa tayari kwa huduma ya kuvutwa, na zitengwe zisiguswe kwa jambo jingine. Kutofanya hivyo ni hatari. Huko Likoni, Mombasa, vivuko vilivyojaa watu hukatiza mlango ule ule wa meli kubwa. Dar es Salaam, meli hupita lango jembamba lenye vivuko vya Kigamboni. Injini ya tagi ikizimika hapo kamba ikiwa imekaza, hakuna nafasi ya kutafuta nyingine.