Land Rover ya mwaka 1979: niifanye mpya au niiache na uzee wake?

Niko huku Yorkshire. Sisi wazima, watoto wanakua, baridi ndiyo ile ile. Najua nimekaa kimya muda mrefu na wengine mmeanza kunisema kwamba Ulaya imenimeza. Zamu za usiku zimenibana kweli, lakini sababu nyingine ni aibu kidogo. Nimenunua gari bovu.

Naam, mmesoma sawasawa. Lile dogo la kuendea kazini bado ninalo. Hili ni Land Rover ya mwaka 1979, Series III, ile ndefu tunayoiita 109. Nimelipa pauni 6,200, akiba ya miaka mitatu ya zamu za ziada. Na kabla dada yangu hajanipigia kuulizia bati za nyumba ya wazazi, nasema mapema: bati nililipa kwanza, risiti ipo. Haya, tuendelee.

Mnaonijua tangu Mbinga mnajua kwa nini. Baba alikuwa dereva wa hospitali ya misheni, na gari lake lilikuwa 109 nyeupe yenye msalaba mwekundu mlangoni. Enzi zile kabla ya lami, masika ikiingia barabara ya Songea ilikuwa uji mwekundu. Baba alikuwa anatoka saa nane za usiku kwenda kumchukua mama mjamzito huko milimani, betri ikigoma anapiga hendeli, gari linakohoa, linawaka. Mimi nilikuwa nalala lakini namsikiliza. Nilikuwa najua yuko mlima gani kwa mlio wa gia. Nikisikia amerudisha gia ndogo, najua kafika kwenye kona ya mwisho, ndiyo nasinzia.

Sasa huku nilikuta Land Rover kwenye banda la bibi mmoja mfugaji wa kondoo. Mumewe alifariki mwaka 2011 na tangu hapo halijawashwa. Lilikuwa la kijani, lakini kijani chenyewe kimepauka mpaka mahali pengine chuma cheupe kinaonekana. Boneti lina bonde. Viti vimechanika. Kuku walikuwa wametagia nyuma. Mimi nikaliona, moyo ukapiga paa! Nikanunua siku hiyo hiyo bila hata kuinama kutazama chini. Kosa hilo msilifanye.

Fundi alipoinama yeye, alichukua bisibisi akaigusa chasisi upande wa nyuma. Bisibisi ikaingia kama unachoma mkate. Akanieleza jambo ambalo nadhani hata baba alikuwa analijua. Land Rover zilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi ya aluminiamu haili kutu kama chuma. Lakini chasisi ni chuma, na huku majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi ile inapanda kwenye chasisi na kuitafuna taratibu miaka nenda rudi. Kwa hiyo unaweza kuona gari limesimama zuri kabisa kwa juu, kumbe chini limeoza. Sisi kwetu Land Rover zinakufa kwa mawe na kukosa spea, huku zinakufa kwa chumvi.

Hapo ndipo mjadala ukaanza, na nimegundua watu wa magari ya zamani wamegawanyika kama Simba na Yanga. Kuna wanaosema gari livuliwe mpaka nati ya mwisho, liwekwe chasisi mpya iliyopakwa zinki, bodi inyooshwe, lipigwe rangi, ling'ae kama lilivyotoka kiwandani Solihull. Wengine wanasema hapana, gari huwa halisi mara moja tu, ukishalikwangua historia yake huwezi kuirudisha. Hata wenyewe Land Rover, mwaka 2018 walipoanza kutengeneza lile gari lao lililoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, walitangaza kwamba rangi yake ya zamani wataiacha. Fikiria, wenye kiwanda, wenye uwezo wa kupaka rangi yoyote wanayotaka!

Mimi sikuwa na upande. Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka liwe jeupe, na msalaba mwekundu mlangoni, kama la baba. Fundi alinipigia hesabu ya pauni 28,000 kwa kazi yote. Nilimeza mate. Lakini nikasema nitaongeza zamu, miaka minne mitano nitamaliza. Nikaona kabisa siku nitakayompigia baba picha na kumwambia, "Baba, gari lako hili hapa."

Basi Jumapili moja mpwa wangu akamshikia baba simu, tukaongea kwa video. Nikamzungusha gari lote. Macho yake siku hizi si mazuri, lakini kwenye gari anaona kuliko mimi. Akaniambia, "Rudi kwenye usukani. Polepole." Akautazama. "Huyu alikuwa anashika kwa mkono mmoja. Ona upande wa kulia ulivyolika. Mkono mwingine alikuwa anashika nini?" Nikamwambia bibi alinisimulia kwamba mumewe alikuwa anatembea na mbwa kiti cha pembeni. Kweli, mlango wa upande ule umekwaruzwa kucha kuanzia juu mpaka chini.

Halafu nikamwonyesha kitu nilichokigundua ndani ya mlango wa dereva. Kuna namba zimeandikwa kwa penseli, mstari chini ya mstari, kila mwaka na idadi ya wanakondoo waliozaliwa. Zinaanzia 1983 hadi 2010. Mwaka 2001 umeandikwa tu sifuri. Huo ndio mwaka ambao ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza na mamilioni ya mifugo ikachinjwa. Baba akanyamaza. Akasema, "Hata mimi nilikuwa naandika mlangoni. Maili na petroli."

Ndipo nikamwambia mpango wangu wa rangi nyeupe. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Na hizo namba?" Nikasema, baba, si zitafunikwa.

Akasema, "Mama, gari langu lilishakufa. Nililiona linakatwa kuwa vyuma chakavu. Hili lilikuwa la mwenzangu. Usilivalishe nguo zangu."

Jamani, nilitaka kulia pale bandani. Lakini hakuishia hapo. Akaniuliza breki zikoje. Nikasema za zamani, fundi anasema zinaweza kuvumilia. Baba alipandisha sauti, kitu ambacho hafanyi. "Breki usivumilie hata moja!" Na ndipo akanisimulia kitu ambacho miaka yote hii sikukijua. Sisi tuliambiwa goti lake liliumia kazini, basi. Kumbe ilikuwa usiku, anateremka na mama mwenye uchungu nyuma, akakanyaga breki ikaenda mpaka chini. Akaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima kwa makusudi lisiende bondeni. Mama yule alijifungulia pale pale kando ya barabara, yeye na mtoto wakapona. Goti la baba ndilo halikupona. Alisema hakutusimulia kwa sababu kesho yake alitakiwa kuendesha tena, na hakutaka tusilale.

Na mimi nilikuwa nadhani nikisikia gia ndogo basi ameshafika.

Kwa hiyo nimeamua, na uamuzi wenyewe ni kama tunavyofanya kwenye kidonda. Kilichokufa unakiondoa chote bila huruma, kilicho hai hukigusi. Breki zote mpya, na mabomba yake. Vile vitambaa vya zamani vya breki vimeondolewa kwa tahadhari, maana vya miaka ile mara nyingi vina asbestosi, na asbestosi huku ilipigwa marufuku kabisa mwaka 1999. Viungo vya usukani vipya. Nyaya za umeme mpya. Chasisi, bahati nzuri, mihimili mikubwa ni mizima. Fundi anakata vipande vilivyooza na kuchomelea vipya, kisha anapaka nta maalumu chini kuzuia chumvi. Na mikanda ya viti, maana watoto watapanda. Jumla pauni 5,400, kwa awamu.

Rangi, bonde la boneti, kucha za mbwa, penseli: vinabaki. Na sisemi hivyo kwa uvivu. Bodi ingekuwa ya chuma, kuiacha bila rangi ingekuwa kuiua. Kwa kuwa ni aluminiamu, itasubiri. Nikibadili mawazo baada ya miaka kumi, rangi nyeupe itakuwepo dukani. Namba za penseli zikishafutika, hakuna duka la kuzinunua.

Sheria ya hapa, gari likishapita miaka 40 ukiliandikisha kama la kihistoria hulipi kodi ya barabara, na ukaguzi wa kila mwaka si lazima tena kama hujalibadilisha sana. Mimi nitalipeleka kukaguliwa kila mwaka hivyo hivyo. Sheria inaweza kunisamehe, mlima hausamehi.

Sitawadanganya, siku nyingine naliona lile jeupe kichwani na roho inauma kidogo. Mlivyonitumia zile picha za tamasha la Land Rover la Arusha mwaka 2024, nilizitazama zote nikitafuta nyeupe yenye msalaba. Itapita.

Wiki iliyopita tuliliwasha kwa mara ya kwanza. Betri ilikuwa mpya lakini nikaomba nipige hendeli mwenyewe. Mara ya nne likakohoa, likawaka! Fundi akapiga makofi. Nikampigia baba, nikaweka simu juu ya bampa. Akasikiliza kama dakika mbili nzima bila kusema neno. Nikajua sasa mzee analia.

Akasema, "Tapeti moja inagonga. Mwambie fundi aangalie ya tatu."

Fundi ameangalia. Ilikuwa ya tatu.

Nawapenda wote. Msalimieni shangazi na majirani, na mwambieni baba apake ile dawa ya goti niliyotuma, asiifiche kabatini. Tuombeane.